Piaget, Vygotsky, Bowlby: kila mmoja alimtazama mtoto wa nani?

Chukua bilauri mbili zinazolingana, uzijaze maji kiasi kilekile mbele ya mtoto wa miaka 5. Muulize ipi ina maji mengi. Atakujibu kwamba ziko sawa. Sasa mimina maji ya bilauri moja kwenye chupa nyembamba, ndefu, huku akikutazama, kisha rudia swali. Watoto wengi wa umri huo watainyooshea kidole ile chupa: hii ndiyo yenye maji mengi. Ngoja miaka 2 au 3, mtoto huyohuyo atakushangaa kwa kumuuliza. Maji si yaleyale? Umeyahamisha tu!

Jaribio hili ni la Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa Neuchâtel mwaka 1896, na sidhani kama kuna mwanafunzi wa ualimu, awe chuo cha Butimba, Tanzania, au Kagumo, Kenya, ambaye hajaliandika kwenye karatasi ya mtihani. Halafu ukurasa unaofuata anakutana na Vygotsky, halafu Erikson, halafu Bowlby, na wote anatakiwa awakariri kwa mpigo. Hata mfumo wa mtaala wa Kenya wa mwaka 2017 unawataja Piaget, Vygotsky, Bruner na Erikson kwa pamoja, utadhani ni ndugu wa ukoo mmoja.

Mkanganyiko unaanzia hapo. Tunazisoma nadharia hizi kama timu zinazowania kombe moja, kisha tunaulizwa ipi imeshinda. Lakini Piaget alikuwa akiuliza jambo moja na Bowlby jambo jingine kabisa, na kila mmoja alijibu kwa kuwatazama watoto waliokuwa karibu naye. Kwa hiyo mimi nikishika nadharia yoyote ya makuzi naanza na maswali mawili: huyu alitaka kujua nini, na mtoto aliyekuwa mbele yake alikuwa wa nani?

Piaget hakuanza na watoto. Alianza na konokono. Shahada yake ya uzamivu ya mwaka 1918 ilihusu viumbe wa jamii hiyo. Baadaye, huko Paris, alipewa kazi ya kuwapima watoto wa shule kwa maswali ya akili yaliyotungwa Uingereza. Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu majibu sahihi. Yeye akavutiwa na makosa. Aligundua kwamba watoto wa umri mmoja hukosea kwa namna moja, kana kwamba wamekubaliana. Basi kosa la mtoto halikuwa ukosefu wa akili. Lilikuwa na mantiki yake. Aliporudi Uswisi aliwafuatilia watoto wake watatu, Jacqueline, Lucienne na Laurent, tangu uchanga wao, akiwaficha vitu chini ya kitambaa na kuandika walichofanya.

Kutokana na kazi hiyo zikatoka hatua 4 maarufu. Hadi miaka 2 mtoto hufikiri kwa kushika, kunyonya na kutazama. Kati ya 2 na 7 anazo lugha na michezo ya kuigiza, ila jicho bado linamtawala, ndiyo maana chupa ndefu inamdanganya. Kati ya 7 na 11 anaweza kujenga hoja, mradi mambo yenyewe yawe ya kushikika. Kuanzia 11 au 12 anaweza kufikiri juu ya mambo ya kudhania tu.

Piaget alitaka kujua maarifa ya binadamu yanajengwaje tangu mwanzo kabisa. Hakuwa akitafuta mbinu za kufundishia. Watu walipomuuliza kama hatua hizi zinaweza kuharakishwa, aliliita hilo swali la Wamarekani. Inachekesha kidogo kwamba leo jina lake limegeuka kuwa la vyuo vya ualimu.

Na je, watoto wake? Wengi walikuwa wa Uswisi, wenye shule, waliozoea mtu mzima kukaa nao na kuwauliza mambo ambayo mtu mzima mwenyewe anayajua. Hapo ndipo nyufa zilipoonekana. Mwaka 1974, Edinburgh, James McGarrigle na Margaret Donaldson walirudia jaribio la aina hii kwa safu mbili za vidude vinavyolingana idadi. Mtafiti alipotawanya safu moja kwa mkono wake na kuuliza tena, takribani mtoto 1 kati ya 6 ndiye aliyesema idadi haijabadilika. Safari nyingine wakamtumia mwanasesere dubu mtundu, "akatoroka" kwenye boksi lake na kuivuruga safu kama kwa bahati mbaya. Zaidi ya nusu ya watoto wakajibu vizuri.

Aliyesoma shule zetu haoni ajabu. Mwalimu akirudia swali lilelile mara ya pili, darasa zima hubadili jibu. Mtoto anasoma nia ya mtu mzima kabla hajasoma vidude: huyu ameuliza tena, kwa hiyo lile la kwanza sikupata. Anachopima mtafiti hapo ni adabu ya mtoto kwa mkubwa pamoja na akili yake, na hana njia ya kuvitenganisha.

Patricia Greenfield alikutana na jambo la karibu na hilo huko Senegal katika miaka ya 1960, kwa watoto wa Kiwolof wasiokwenda shule. Wengine walisema maji yamezidi kwa sababu mzungu ndiye aliyeyamimina, yaani amefanya mambo yake. Alipowaachia wamimine wenyewe, sababu hiyo ikapotea na majibu yakawa mazuri zaidi. Huko Mexico nako, watoto wa wafinyanzi walionekana kuwahi kujua kwamba bonge la udongo likibadilishwa umbo halipungui. Wangekosaje kujua, na udongo wameuchezea tangu utoto?

Kwa hiyo umri ulioandikwa kando ya kila hatua usiuchukulie kama kalenda. Kilichobaki imara kwa Piaget, kwa maoni yangu, ni kile alichokiona Paris: mtoto anajenga uelewa mwenyewe, na kosa lake ni dirisha la kuona anavyojenga. Mwalimu anayeuliza "umefikaje hapo?" badala ya kuweka alama nyekundu ya kosa anamfuata Piaget, hata kama hatua zote 4 amezisahau.

Lev Vygotsky alizaliwa mwaka uleule wa 1896, huko Orsha, katika Belarusi ya leo. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1934 akiwa na miaka 37, na miaka miwili baadaye maandishi yake yakawekwa kando na serikali ya Kisovieti. Kitabu chake kikuu juu ya fikra na lugha hakikutoka kwa Kiingereza hadi 1962, na ni wakati huo ndipo Piaget alipoandika jibu kwa ukosoaji ambao mwenzake aliuacha karibu miaka 30 nyuma.

Walichobishania kilikuwa kitu kidogo ambacho kila mzazi amekisikia: mtoto akicheza peke yake huku akijisemesha. "Hili naweka hapa. Hapana, limeanguka. Sasa wewe kaa." Piaget aliona huo ni mfano wa mtoto ambaye bado hajajua kuzungumza akimzingatia msikilizaji; akikua, tabia itajifia. Vygotsky aliona kinyume. Aliwapa watoto kazi za kuchora, kisha akawawekea vikwazo kwa makusudi: penseli haipo, karatasi haitoshi. Kujisemesha kukakaribia kuongezeka maradufu. Mtoto mmoja wa miaka 5 na nusu alikuwa akichora tramu, penseli ikamvunjikia. Akasema kwa sauti ya chini, "imevunjika," akachukua rangi za maji, akaendelea, na picha ikawa ya tramu iliyovunjika baada ya ajali. Neno limebadilisha kazi. Kwa Vygotsky, maneno hayo hayafi. Yanaingia ndani na kuwa fikra. Na yalitoka wapi? Kwa watu waliozungumza na mtoto kwanza.

Hapo ndipo njia zao zinapoachana. Kwa Piaget mtoto anakomaa ndipo anaweza kufunzwa jambo fulani; kwa Vygotsky kufunzwa ndiko kunakovuta ukomavu mbele. Alitoa mfano wa watoto wawili ambao, wakipimwa kila mmoja peke yake, wako kiwango cha miaka 8. Wakisaidiwa kidogo, kwa swali la kuongoza au hatua ya kwanza ya jibu, mmoja anafika maswali ya miaka 12 na mwingine anaishia ya miaka 9. Je, hawa wako sawa? Mtihani wa kawaida unasema ndiyo. Nafasi iliyopo kati ya anachoweza mtoto peke yake na anachoweza akishikwa mkono ndiyo aliyoona ina maana kwa mwalimu.

Wafuasi wake walikuja kuongeza swali la mazingira ya kujifunzia. Watafiti wa Recife, Brazil, katika ripoti ya mwaka 1985, waliwanunulia nazi na matunda watoto 5 waliofanya biashara mitaani, wakihesabu kimyakimya usahihi wa bei na chenji. Usahihi ulikuwa asilimia 98. Hesabu zilezile zilipoandikwa kwenye karatasi kama za shule, watoto walewale wakashuka hadi asilimia 37. Yeyote aliyewahi kurudishiwa chenji sawia na mtoto wa gengeni ambaye ripoti yake ya shule imejaa sifuri anajua habari hii bila kwenda Brazil.

Wanatabia, yaani wanasaikolojia waliochunguza tabia inayoonekana tu, nitawapita haraka, kwa sababu swali lao ni jepesi kulieleza: tabia inaongezwa na nini, inapunguzwa na nini? Tuzo na adhabu. Yaliyomo kichwani hawakuyajali. Ni "samaki mkunje angali mbichi" iliyopelekwa maabara. Albert Bandura aliwasahihisha mwaka 1961 kule Stanford alipoonyesha kwamba mtoto hahitaji hata tuzo. Watoto waliomwona mtu mzima akilipiga teke na nyundo dude kubwa la plastiki walilipiga vilevile walipoachwa nalo. Anayemchapa mtoto ili aache kupiga wenzake aitafakari hiyo.

Ila kuna kipande kimoja cha John Watson, baba wa kundi hili, ambacho nataka ukikumbuke. Katika kitabu chake cha malezi cha mwaka 1928 aliwaambia wazazi wa Marekani wasiwakumbatie watoto wala kuwapakata. Asubuhi wawape mkono tu.

John Bowlby alikuwa daktari wa akili wa Uingereza, na watoto wake walikuwa wale walioachwa: wa vituo vya yatima, wa vita, wa hospitali zilizowaruhusu wazazi kuja kwa nadra. Ripoti yake kwa Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1951 ilisema mtoto mchanga anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama, au mtu anayeshika nafasi ya mama, kama anavyohitaji vitamini. Mwenzake James Robertson aliwatazama watoto waliolazwa hospitali akaona mfuatano: kwanza mtoto hulia na kupinga, kisha hukata tamaa, mwishoni hutulia na kuonekana amezoea. Wauguzi walifurahia hatua hiyo ya tatu. Robertson alisema ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu mama akija mtoto anamgeuzia mgongo.

Wengi hawajui kwamba ushahidi wa kwanza wa nadharia hii kwa watoto walioko nyumbani na mama zao haukukusanywa Ulaya. Ulikusanywa Uganda. Mary Ainsworth, aliyefanya kazi na Bowlby London, alimfuata mumewe Kampala katikati ya miaka ya 1950, akaanza kutembelea familia 26 za Baganda katika vijiji vya jirani, zenye watoto wachanga 28. Alienda na shaka. Hakuamini sana hoja ya Bowlby kwamba mshikamano, yaani kifungo cha mtoto na mlezi wake, ni jambo la kimaumbile. Tena alichokusudia kuchunguza kilikuwa desturi ya kumwachisha mtoto ziwa na kumpeleka kwa bibi, na desturi yenyewe akaikuta karibu imeachwa. Basi akakaa, mkalimani pembeni, akatazama, nyumba moja kila baada ya wiki mbili hivi, kwa miezi kadhaa.

Alichoona kikambadilisha. Mtoto anatambaa kutoka kwa mama, anachunguza kitu, anageuka kumtazama, anaenda mbali zaidi, anarudi. Mama akitoka chumbani, uchunguzi unakoma. Watoto 16 aliwaona wana mshikamano tulivu, 7 walikuwa na wasiwasi wakilia hata mama akiwapo, 5 hawakuwa wameshikamana bado. Na mama ambao watoto wao walitulia walikuwa wale waliojua mambo madogomadogo ya mtoto wao, walioweza kukaa na kumsimulia Ainsworth habari zake. Aliporudi Marekani, Baltimore, ndipo akabuni jaribio lake mashuhuri la chumba kigeni: dakika kama 20, mama anatoka, mgeni anaingia, mama anarudi, na mtafiti anatazama mtoto anampokeaje.

Tatizo likaja jaribio liliposafiri. Kaskazini mwa Ujerumani watoto wengi walionekana "kumkwepa" mama, mahali ambapo wazazi wanataka mtoto ajitegemee mapema. Japani wengine walilia bila kubembelezeka, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuachwa peke yao. Dakika 3 ambazo kwa mtoto wa Baltimore ni usumbufu mdogo, kwa mtoto wa Sapporo ni balaa. Uchambuzi wa tafiti 32 uliochapishwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba hata hivyo tofauti ndani ya nchi moja zilizidi zile za kati ya nchi na nchi. Kwa hiyo wanaosema nadharia hii ni ya wazungu tu nao wamekimbilia hitimisho.

Jibu zuri zaidi nililolisoma lilitoka Kisii, Kenya. Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman, katika utafiti uliochapishwa 1986, waliwatazama watoto wachanga wa Kisii na walezi wao wawili: mama, na dada au mtoto mwingine mkubwa anayewabeba mchana. Kule watu wazima humsalimu mtoto kwa kumpa mkono. Basi mtoto wa Kisii aliyetulia moyoni, mama akirudi, hunyoosha mkono mmoja apokee salamu kwa furaha ileile ambayo mtoto wa Marekani huinua mikono miwili akumbatiwe. Mkono uleule ambao Watson aliupendekeza ili kukata mapenzi! Mtafiti asiyejua desturi angeandika kwamba mtoto huyu ni baridi.

Kuna zaidi. Mshikamano mzuri na mama ulienda pamoja na hali nzuri ya lishe ya mtoto. Mshikamano mzuri na yule mlezi mdogo ulienda pamoja na alama bora za ukuaji wa akili. Ina mantiki: mama alikuwa wa kulisha na kuogesha, dada alikuwa wa kucheza. Katika msitu wa Ituri, Kongo, watafiti waliwakuta watoto wa jamii ya Efe wa miezi 4 wakitumia zaidi ya nusu ya muda wao mikononi mwa watu wasio mama. Bowlby hakukosea kwamba mtoto anahitaji wa kushikamana naye. Alikosea kwa kumhesabu mmoja.

Arnold Gesell wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliyeandaa ratiba za umri wa kukaa, kutambaa na kutembea, aliamini mwili hukomaa kwa saa yake ya ndani. Katika miaka ya 1950 Marcelle Geber aliwapima watoto wachanga wa Kampala, akasema wamewatangulia wa Ulaya, na mjadala wa rangi ukawaka. Charles Super akaenda Kokwet, kwa Wakipsigis wa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watoto walikaa na kutembea mapema, naam. Lakini kugeuka na kutambaa hawakuwa mbele. Sababu? Kukaa na kutembea wanafundishwa: mtoto anachimbiwa shimo dogo, anaegemezwa humo mgongo ukae, kila siku. Kutambaa hakuna anayekufundisha.

Erik Erikson aliuliza mtu anakuwa nani, kuanzia imani kwa mlezi utotoni hadi utulivu wa uzee, hatua 8. Ni msaada zaidi kwa mzazi wa kijana wa miaka 15 kuliko wa mchanga, ingawa kuipima kwa jaribio ni shida. Mwanasaikolojia wa Marekani Urie Bronfenbrenner, kwenye kitabu chake cha 1979, alitutoa nje ya chumba: kazi ya baba, sheria, sera. Ada ya shule za msingi ilipofutwa Kenya mwaka 2003 na zaidi ya watoto milioni 1 wakaingia madarasani, makuzi yao yalibadilishwa na watu ambao hawakuwahi kuwaona.

Sasa tuseme mtoto wa miaka 3 mjini anakataa chakula na anakojoa kitandani wiki nzima. Dada wa kazi aliyemlea tangu miezi 4 aliondoka mwisho wa mwezi, alfajiri, mtoto akiwa amelala ili "asisumbue". Mwanatabia atauliza anapata nini akilia. Piaget atakwambia anajua fika kwamba dada yupo mahali, ndiyo maana anamtafuta jikoni, ila "atakuja mwezi ujao" haimwingii. Vygotsky atakutaka uzungumze naye kuhusu dada, apewe maneno ya hali yake. Bronfenbrenner atauliza mshahara ulikuwa kiasi gani hata akaondoka. Mimi ningeanza na Bowlby aliyesahihishwa Kisii: huyu mtoto amefiwa kwa kipimo chake, na nyumba nzima inasema mama yupo, analilia nini? Na akitulia wiki ya pili usiseme haraka kwamba amezoea, mkumbuke Robertson. Kama dada mwingine anakuja, aje siku chache kabla wa kwanza hajaondoka, wamlishe na kumwogesha pamoja. Wa kwanza aage mtoto akiwa macho, hata kama atalia sana, na apigiwe simu baadaye mtoto asikie sauti yake.